Nani Anakukimbiza?

Asubuhi ya kwanza nilipokimbia kwenye barabara za shamba la mkonge, mlinzi alinisimamisha. Alikuwa mzee mwenye koti kuukuu, baiskeli ameilaza majanini. Alitazama kwanza nyuma yangu, akaona barabara tupu, ndipo akauliza:

"Kijana, nani anakukimbiza?"

"Hakuna mtu, mzee. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi," akarudia taratibu, kama anayeonja mchuzi wa jirani. Kisha akanipungia mkono nipite.

Nilikuwa nimekuja Ngomeni, wilayani Muheza, kumuuguza bibi. Tanga mjini nilizoea kukimbia na klabu ya jogingi kila Jumapili, fulana za rangi moja, tukiimba kama kwenye mchakamchaka wa shule ya msingi. Kijijini nilikuwa peke yangu, na kusema kweli barabara za mkonge ni raha ya mkimbiaji. Zimenyooka, hazina bodaboda, na zinakatiza vitalu kwa mpangilio ambao hata mgeni hapotei. Kila upande mkonge umesimama mistari kwa mistari, na kila jani lina mwiba nchani, kwa hiyo unajifunza haraka kubana viwiko. Upande wa magharibi iko milima ya Usambara. Baada ya siku tatu nilikuwa na njia yangu: kutoka nyumbani kwa bibi hadi korona, yaani kiwanda cha kusindika majani, kuzunguka vitalu, kisha kurudi kando ya reli.

Nilimsimulia bibi habari ya yule mlinzi nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Kakuuliza vizuri, mume wangu," alisema. "Zamani humo mtu hakimbii bure. Ukimwona anakimbia, ujue katoroka. Babu yako alikimbia humo humo."

Babu alifariki nikiwa darasa la tano. Nilichojua ni kwamba alikuwa Muha kutoka Kasulu na kwamba hakupenda kuulizwa alifikaje pwani.

Mkonge nao ulikuja kutoka mbali. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Miche ilipatikana na reli ilipatikana. Kilichopungua ni mikono. Wabondei, Wadigo na Wasambaa walikuwa na mashamba yao, na wengi hawakuona sababu ya kuchanwa na miiba kwa mshahara mdogo. Basi wafanyakazi wakatafutwa bara.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walirithi mashamba na tatizo hilo hilo. Sheria ya mwaka 1923 kuhusu mabwana na watumishi ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai. Nikiisoma leo, nasimama hapo. Mwajiri na mwajiriwa walitia saini karatasi moja, lakini mmoja wao akiondoka alifuatwa na askari. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi kutoka mbali: Uha, Ubena, hata Rwanda na Urundi. Vijana waliandikwa kwa namba, na kutokana na namba wakaitwa manamba.

Babu aliandikwa mwaka 1952. Alisafirishwa kwa treni kutoka Kigoma, halafu kwa lori hadi mkonge ulipo. Alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku, nafasi moja inatiwa alama. Usipoimaliza, siku hiyo haikuhesabiwa, hata kama umeshinda juani. Mshahara ulitoka kadi ikijaa.

"Kadi yake ilifika 19," bibi alisema. "Akaugua homa. Aliporudi kazini akawa hamalizi kazi ya siku, kadi haiendi mbele. Usiku mmoja akaondoka."

Alikimbia kwa barabara za vitalu mpaka relini, kisha akaifuata reli kuelekea machweo. Kwao aliacha treni, na hapa ilikuwapo treni. Akilini mwake ilikuwa reli moja. Hakuna aliyemwambia kwamba reli ya Tanga inaishia upande wa Moshi na Arusha, na kwamba ile ya Kigoma ni nyingine, haijaungana nayo. Alitembea usiku, mchana akajificha. Alikamatwa Mnyusi, kabla hata ya Korogwe. Alifungwa, kisha akarudishwa kumalizia mkataba.

Reli hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1963, kwa njia inayotoka Ruvu hadi Mnyusi. Nilipomwambia bibi, alikaa kimya kidogo.

"Alijua," akasema. "Ilipofunguliwa nilimwambia nenda sasa ukawaone wenzako. Akasema ataendaje na watoto wanne."

Mkataba ulipokwisha hakupanda lori la kurudi. Bibi, binti wa Kibondei, alikuwa akiuza mihogo ya kuchemsha kambini. Akitaka kunitania husema babu alikuwa anadaiwa mihogo mingi mno kuweza kuondoka. Mashamba yenyewe yalifikia kilele mwaka 1964, nchi ikizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha kamba za nailoni zikashusha bei, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na miaka iliyofuata uzalishaji ukaporomoka. Kwenye njia yangu kuna vitalu viwili ambavyo sasa ni mahindi na mihogo.

Bado nakimbia humo kila ninapokwenda. Nilijiuliza kama ni utovu wa adabu, mtu mwenye raba na saa ya kuhesabu hatua kujifurahisha mahali babu alipokimbia kwa hofu. Nilimuuliza bibi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Wewe kimbia," alisema. "Ila ukifika relini, rudi. Chai itapoa."

Juzi nilifika relini kabla jua halijachomoza. Nilisimama kati ya vyuma, nikatazama upande wa Muheza. Yule mlinzi alikuwa anapita na baiskeli yake. Safari hii hakuuliza kitu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Leo umewahi."

Nikageuka, nikarudi mbio hadi kwa bibi.