Mazoea ya Taasisi, Si Utamaduni wa Shirika

Rasimu ya mtaala wa uhandisi niliyoisoma majuzi, ya chuo nisichokitaja, ina sura nzima juu ya "mabadiliko ya utamaduni wa shirika" (kwa Kiingereza, organizational culture). Shirika gani? Mtanzania akisikia shirika hukumbuka reli na umeme, si idara ya uhandisi. Akisikia utamaduni hukumbuka zeze la Wagogo na wizara inayosimamia ngoma. Kwa maneno mawili tu, kamati iliyopitisha istilahi hiyo imempoteza msomaji mara mbili.

Asili ya neno nayo inaikataa. Utamaduni latokana na Kiarabu tamaddun, lililojengwa juu ya madina, yaani mji; kiini chake ni ustaarabu wa watu wa mjini. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, kwenye sherehe za Muungano, na hotuba moja ilitosha. Karakana ya uhandisi haina bahati hiyo ya kugeuzwa mji kwa hotuba.

Wapo wanaojiona wajuzi zaidi wakapendekeza "hulka ya taasisi". Hili ni baya kuliko la kwanza. Hulka ina mzizi mmoja na Kiarabu khalaqa, kuumba. Ni umbile alilokuja nalo mtu duniani. Kama chuo kina hulka, mradi wa kukibadili ni wa nini? Serikali isingekopa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioanza 2021, ili kupitia upya mitaala na kuwaita waajiri wa viwandani waseme wanataka mhitimu wa namna gani. Kilichoumbwa hakipitiwi upya na kamati.

Mimi nasema mazoea ya taasisi. Zoea ni kitenzi chetu cha Kibantu, nacho kimezaa vya kutosha: zoeana, zoeza, zoezi, mazoezi. Utamaduni hauna kitenzi kinachotumika. Mazoea yanacho, na ndani ya zoeza mna dawa ya mazoea yenyewe. Edgar Schein, mtaalamu wa nadharia ya mashirika, katika kitabu chake cha 1985 aliigawa dhana hii ya organizational culture katika ngazi tatu: yanayoonekana, yanayotamkwa, na yanayoaminiwa bila kutamkwa. Mfano ni Chuo Kikuu cha Dodoma: kilianza 2007 katika ukumbi wa Chimwaga, na leo kinafundisha uhandisi wa migodi na wa programu za kompyuta. Majengo yanaonekana. "Kujifunza kwa vitendo" hutamkwa katika kila chuo nchini. Lakini pale mwanafunzi anapoamini kwamba madesa (nukuu za kurithishana) ya mwaka juzi yanatosha kwa mtihani, na kwamba PT, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ni kutafuta muhuri wa msimamizi kwenye daftari, hiyo ni ngazi ya tatu, nayo haina jina jingine ila mazoea. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ililielewa jambo hili bila kuhitaji istilahi: tangu 2003 ina mpango wa kuwaweka wahitimu kazini miaka mitatu chini ya wahandisi waliobobea. Huko ndiko kuzoeza.

Nimejibiwa, kwa barua yenye mistari miwili, kwamba mazoea "yana maana hasi". Kweli, wahenga walisema mazoea yana tabu. Lakini viongozi wanapowaonya watumishi hapa Dodoma "acheni kufanya kazi kwa mazoea", hakuna anayeuliza maana. Wananchi wameshaipata istilahi. Kamati ndiyo inayoisubiri. Tena mazoea hujenga tabia, iwe nzuri au mbaya.

Matumizi: mazoea ya taasisi, kuizoeza taasisi upya, mabadiliko ya kimazoea. Mwenye neno bora alilete, mradi lisiwe la mjini wala la kuzaliwa nalo, na lisindikizwe na hoja inayozidi mistari miwili.