Watoto Waliokufa Bila Ubatizo na Haki ya Mungu



Ndugu wapendwa, miongoni mwa maswali ambayo wapinzani wa imani yetu wamekuwa wakiyaleta mbele ya Wakristo tangu karne za mwanzo, hakuna linalochoma kama lile la mtoto mchanga. Akiteseka mtu mzima, mtetezi wa imani anaweza kuzungumzia hiari ya mwanadamu, toba, au majaribu yanayokomaza roho. Kwa mtoto aliyeishi saa moja tu hoja hizo zote hukoma. Amekosa nini hata afungiwe mlango wa mbinguni? Na swali hili si la vitabuni tu. Katika parokia zetu wamo akina mama ambao watoto wao walifariki kabla padre au katekista hajafika, na baadhi yao bado wamebeba moyoni maneno waliyoambiwa siku ya maziko.

Jibu lililotawala Kanisa la Magharibi kwa muda mrefu lilitoka kwa Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430. Ni vyema tuelewe alikuwa akipigania nini, maana mara nyingi anasomwa kama mtu asiye na huruma. Pelagio na wafuasi wake walifundisha kwamba mtoto huzaliwa bila doa la dhambi ya Adamu. Augustino akawauliza: ikiwa ndivyo, kwa nini Kanisa linawapeleka watoto wachanga kwenye maji ya ubatizo kwa ondoleo la dhambi? Hoja yake ilijengwa juu ya ibada ambayo kila muumini aliiona kwa macho. Kama mtoto hahitaji kuponywa, basi Kristo si Mwokozi wa watoto. Kwa kufuata mantiki hiyo hadi mwisho, alisema kwamba mtoto anayekufa bila ubatizo yumo katika hukumu, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote.

Lakini mwaka 415, akimwandikia Mtakatifu Yeronimo barua juu ya asili ya roho, Augustino alikiri kwamba anapofika kwenye adhabu za watoto hubanwa sana na hajui la kujibu. Miaka ya baadaye Juliano wa Eclanum, askofu aliyeshikamana na Pelagio, alimrushia shutuma kali kwamba Mungu anayemhubiri ni mtesi wa watoto wachanga. Juliano alikosea kuhusu neema, lakini jeraha alilolitonesha lilikuwa la kweli, na halikupona kwa Juliano kuhukumiwa.

Mashariki walikuwa watulivu zaidi. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo aliona kwamba watoto wa namna hiyo hawatatukuzwa wala hawataadhibiwa, na Mtakatifu Gregori wa Nisa aliandika kitabu kizima juu ya watoto wanaokufa mapema bila kuwasukuma kwenye mateso. Magharibi ilichukua karne nyingi kufika karibu na hapo. Mwaka 1201 Papa Inosenti III aliandika kwamba adhabu ya dhambi ya asili ni kukosa kumwona Mungu, ilhali mateso ya jehanamu ni ya dhambi ambazo mtu amezitenda mwenyewe. Hapo moto uliondolewa kwa watoto. Kisha Mtakatifu Toma wa Akwino akasogea hatua nyingine: watoto hao hawajui walichokikosa, hivyo hawana huzuni, bali wanafurahia heri ya kimaumbile. Mahali pao pakaitwa limbo, neno la Kilatini lenye maana ya pindo au ukingo.

Leo wengi hulicheka neno hilo. Mimi naona si haki. Limbo ilibuniwa na watu waliotaka kumtetea mtoto bila kuuvunja ulazima wa ubatizo, na kwa wakati wake ilikuwa mlango wa huruma. Wafuasi wa Jansenio walipoibeza kuwa ni hekaya ya Wapelagi, katika Sinodi ya Pistoia ya mwaka 1786, Papa Pio VI alilaani kauli hiyo mwaka 1794. Lakini hata yeye hakuitangaza limbo kuwa fundisho la imani. Haijawahi kutangazwa hivyo.

Lakini wazazi hawakutulizwa na hesabu za wanataalimungu. Huko Oberbüren, katika eneo la Bern nchini Uswisi, palikuwa na kikanisa cha Bikira Maria ambako katika karne ya 15 watu walileta kutoka mbali watoto waliozaliwa wafu. Maiti ziliwekwa karibu na makaa ya moto, na unyoya ukawekwa midomoni. Unyoya ukitikisika, ilisemwa kwamba mtoto amerudiwa na uhai kwa kitambo, akabatizwa na kuzikwa katika ardhi iliyobarikiwa. Askofu wa Konstanz alilalamika Roma juu ya jambo hilo. Wanamageuzi wa Bern walikibomoa kikanisa hicho katika karne ya 16, na wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua pale katika miaka ya 1990 walikuta mabaki ya watoto wapatao 250. Ndugu zangu, tunaweza kuiita imani potofu, na Kanisa lilikataza desturi za namna hiyo. Lakini fikirini safari ya baba aliyebeba kichanga chake kwa siku kadhaa, akitafuta pumzi moja tu! Nchini Ireland watoto wasiobatizwa walizikwa pembezoni, katika maeneo yasiyobarikiwa yaitwayo cillíní, na desturi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 nazo zilimnyima maziko ya Kanisa aliyekufa bila ubatizo.

Mabadiliko yalikuja kwanza kupitia sala. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulifundisha mwaka 1965 kwamba Roho Mtakatifu huwapa watu wote, kwa namna aijuayo Mungu, nafasi ya kushirikishwa fumbo la Pasaka. Misale ya mwaka 1970 ikaweka Misa kwa ajili ya mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa. Tazameni: Augustino alithibitisha dhambi ya asili kwa kuonyesha ibada ya ubatizo, na sasa ibada ileile ya Kanisa, kwa kumwombea mtoto asiyebatizwa, ikawa inashuhudia tumaini. Jinsi Kanisa linavyosali ndivyo linavyosadiki. Tena tangu kale Kanisa huwaheshimu tarehe 28 Desemba watoto wa Betlehemu waliouawa na Herode, ambao hawakubatizwa kwa maji.

Katekisimu ya mwaka 1992 iliwakabidhi watoto hawa kwa huruma ya Mungu bila kutaja limbo. Mwaka 2007, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, Tume ya Kimataifa ya Taalimungu ilitoa hati ikisema kwamba zipo sababu nzito za kutumaini wokovu wao, ingawa hatuna uhakika uliofunuliwa. Hati hiyo haikuifuta limbo, bali iliiacha kama maoni yanayoweza kushikwa. Wala haikupunguza wajibu wa kubatiza mapema. Ilichokataa ni kuugeuza ukimya wa Maandiko kuwa hukumu. Nadhani hapa mtetezi wa imani anasimama mahali pazuri kuliko Augustino: anaungama kwamba kila aokokaye huokolewa na Kristo, naye hajitwalii kiti cha Hakimu kumhukumu asiyeweza kusema.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1183, unaruhusu mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza azikwe kwa ibada ya Kanisa, kwa idhini ya askofu wa jimbo. Wazazi wengi hawajui kwamba ruhusa hiyo ipo. Waje kwa paroko wao, au watume jirani au katekista, kabla kaburi halijafukiwa. Na waliozika zamani, hata miaka thelathini iliyopita, wanaweza kuleta nia ya Misa.