Asili ya Neno 'Magazine'

Wako wasemao kwamba Kiswahili, kwa wingi wa maneno yake yenye asili ya Kiarabu, si lugha iliyojitosheleza. Hoja hiyo na ipimwe kwa neno moja la Kiingereza: 'magazine', yaani jarida. Asili yake ni neno la Kiarabu makhzan, maana yake ghala, na wingi wake ni makhazin. Lilipovuka Bahari ya Kati na kufika Italia likawa magazzino. Wafaransa wakaliita magasin. Nao Waingereza wakalipokea katika karne ya 16 kwa maana ile ile ya ghala, hasa la silaha na baruti. Mwaka 1731 Edward Cave alianzisha huko London The Gentleman's Magazine, akikusudia ghala la maandishi. Ndipo maana ya jarida ilipoenea.

Mzizi huo huo, kh-z-n, ndio uliotupatia neno hazina. Basi Mwingereza na Mswahili wamechota katika kisima kimoja, kila mmoja kwa chombo chake. Ikiwa kukopa hakukukipunguzia Kiingereza hadhi, kwa nini kukipunguzie Kiswahili?