Damu Iliyozoeleka Kando ya Nile
Hadi katikati ya karne iliyopita, mvulana wa kijijini Misri aliyeanza kukojoa damu mara nyingi hakukimbizwa hospitali. Wengi waliona ndiyo kubalehe kwenyewe, kwani wenzake wa rika moja nao walikuwa hivyohivyo. Mkulima alishinda ndani ya mfereji wa kumwagilia, konokono wa kichocho wakiwa majini humohumo.

Mazoea hayo yaliua. Damu ile ile ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya kibofu, na mtu aliyeiona tangu utotoni hakuwa na sababu ya kushtuka akiiona tena akiwa na miaka 40.

Kichocho, ugonjwa wa mnyoo uliokuwa chanzo cha damu hiyo, ni cha kale mno. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alikuta mayai yake, yamegeuka chokaa, kwenye figo za maiti mbili za enzi za mafarao. Mnyoo mwenyewe alimwona daktari Mjerumani Theodor Bilharz mwaka 1851 alipokuwa akipasua maiti jijini Cairo. Mwaka 1911, jijini humo humo, A. R. Ferguson alieleza kuwa kichocho na saratani ya kibofu vinakwenda pamoja: mayai hunasa kwenye ukuta wa kibofu, ukuta huvimba na kujeruhiwa miaka nenda rudi, na seli zinazojitengeneza upya kila mara mwishowe huharibika. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtangaza mnyoo huyo kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1994. Ulikuwa ucheleweshaji mkubwa mno.

Kifaa cha kuchungulia ndani ya kibofu kilikuwapo tangu Max Nitze alipokionyesha mwaka 1877. Lakini wakulima wengi walifika kwa daktari uvimbe umeshazama kwenye msuli, na hapo kukwangua hakutoshi. Kibofu chote hutolewa. Swali gumu likabaki moja: mkojo upite wapi? Zamani mirija ya mkojo kutoka kwenye figo iliunganishwa na utumbo mpana, mkojo ukatoka pamoja na choo, na maambukizi yakapanda hadi kwenye figo. Mwaka 1950 Mmarekani Eugene Bricker alieleza njia ya kutumia kipande cha utumbo mwembamba kuupitisha hadi kwenye tundu la tumboni, ukaingia kwenye mfuko ulio nje ya mwili.

Mjini Mansoura, Mohamed Ghoneim na wenzake walikwenda mbali zaidi, wakishona kibofu kipya kwa utumbo wa mgonjwa. Mwaka 1997 walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,026 waliotolewa kibofu: asilimia 48 walikuwa hai bila saratani baada ya miaka mitano. Kwa watu waliofika wamechelewa kiasi kile, hiyo ni kazi ya kuheshimiwa.

Leo dawa ya prazikwanteli imepunguza sana kichocho Misri, na saratani iliyokuwa ya wakulima inazidi kuwa ya wavuta sigara. Mnyoo huyohuyo bado yuko Unguja na Pemba, ambako watoto hugawiwa dawa hiyo na mkojo wao hupimwa kwa kijiti kinachobadilika rangi kikikuta damu, hata ile isiyoonekana kwa macho.