Maji ya Lugol: Tarihi ya Kinga Moja Dhidi ya Mionzi

Jioni ya tarehe 29 Aprili 1986, siku ya tatu baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kupasuka, watoto wa mikoa ya kaskazini-mashariki ya Poland walianza kuitwa shuleni, zahanatini na kwenye maduka ya dawa, wakapewa kila mmoja funda la maji ya rangi ya kahawia, machungu, yenye ladha ya chuma na harufu ile ile ya dawa inayopakwa kidondani, wakatakiwa wayanywe papo hapo. Katika muda wa siku chache watoto wapatao milioni 10 na nusu, pamoja na watu wazima takriban milioni 7, walikuwa wamekwisha kuyanywa. Na katika tarihi ya utabibu wa mionzi haujapata kutokea ugawaji mwingine wa kinga uliofikia ukubwa huo kwa haraka namna ile. Maji hayo huitwa maji ya Lugol, na kilichomo ndani yake ni iodini, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuiita madini joto na kuiona imeandikwa juu ya pakiti ya chumvi. Kila niufikiripo mkasa ule hunijia fikira kwamba kinga iliyowafaa watoto hao haikuzaliwa katika elimu ya atomu hata kidogo, bali katika jivu la mwani, na katika shingo zilizovimba za maskini wa milimani, zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kinu kile kuwaka.

Mwaka 1811, Ufaransa ilipokuwa vitani chini ya Napoleon na baruti ikihitajika kupita kiasi, alikuwapo Paris mtengenezaji wa shura aitwaye Bernard Courtois, ambaye, kama wenziwe wa kazi ile, alitumia majivu ya mwani ulioletwa kutoka pwani, akiyachuja na kuyachemsha apate chumvi alizozihitaji. Siku moja, katika kusafisha vyombo vyake kwa tindikali, alitia tindikali kupita kadiri, na mara ukapanda mvuke wa rangi ya urujuani, mzuri wa kutazamwa, ambao ulipogusa mahali baridi uligeuka kuwa vipande vyeusi vinavyometameta kama ulanga. Jina ambalo wataalamu walikipa kitu hicho walilitoa katika neno la Kiyunani la rangi hiyo hiyo ya urujuani. Watu wa Paje na Jambiani, ambao tangu mwisho wa miaka ya 1980 wamekuwa wakipanda mwani na kuuanika juani ili uuzwe ng'ambo, wanajua jinsi mmea ule unavyokusanya mwilini mwake vitu vya bahari ambavyo maji yenyewe huvibeba kwa uchache sana; iodini ni kimojawapo, na bahari ndiyo ghala yake kuu. Ardhi ya milimani, iliyooshwa na mvua na theluji dahari kwa dahari, aghalabu haina.

Na ni huko milimani ndiko rovu lilikokuwa msiba wa kawaida. Katika mabonde ya Uswisi vilikuwapo vijiji ambamo kukosa uvimbe shingoni kulikuwa ndio ugeni, na ambamo watoto wengi walizaliwa wakiwa viziwi, wafupi, wenye akili iliyodumaa. Matabibu wa kale walikuwa wakiwapa wagonjwa jivu la sifongo ya baharini, pasipo kujua kwa nini linafaa. Mwaka 1820 tabibu wa Geneva, Jean-François Coindet, alikisia kwamba kilichomo katika sifongo ni kile kile alichokipata Courtois katika mwani, akawapa wagonjwa wake iodini, na marovu yakaanza kupungua. Habari zikaenea upesi mno. Watu wakajinywea wenyewe bila kipimo, na baadhi yao wakadhurika, mioyo ikiwapapa na miili ikikonda. Miaka michache baadaye, mwaka 1829, tabibu wa Paris aitwaye Jean Lugol alitunga mchanganyiko wa iodini na iodidi ya potasiamu katika maji, akiukusudia kwa maradhi mengine kabisa, ya kifua kikuu na matezi. Mchanganyiko huo ndio uliobakia na jina lake hata leo. Mwaka 1895 Mjerumani Eugen Baumann aliikuta iodini ndani ya tezi ya shingo yenyewe, ile ambayo matabibu huiita thairoidi, ikathibitika kwamba tezi hiyo huishika iodini ya damu na kuifanyia kazi. Mwaka 1922 jimbo dogo la Uswisi, Appenzell Ausserrhoden, likaanza kuuza chumvi iliyotiwa iodini, na katika kizazi kimoja ule msiba wa zamani ukaondoka.

Hapa pana jambo ambalo mimi naliona kuwa ndio kiini cha mambo yote haya, nalo ni kwamba mwili wa binadamu hautambui sumu ya mionzi. Hutambua jinsi ya kitu tu. Tezi ya shingo huipokea iodini yoyote iletwayo na damu, iliyo salama na iliyo na mionzi, bila ya kupambanua, kama bawabu aliyeambiwa awaruhusu watu wa ukoo fulani naye hawezi kumjua mwema wao na mwovu wao. Iodini yenye mionzi iliyo mashuhuri, iodini-131, ilipatikana mwaka 1938 huko Berkeley, Marekani, kwa kazi ya Glenn Seaborg na John Livingood. Kila siku 8 nguvu yake hupungua kwa nusu, na matabibu hawakuchelewa kuitumia kwa kuponya tezi zilizozidi kazi. Vivyo hivyo radiamu, ambayo katika miaka ya 1920 iliuzwa Marekani ndani ya chupa ndogo kama maji ya kuongeza nguvu, ilipokewa na mifupa kwa sababu inafanana na kalsiamu. Tajiri wa Pittsburgh, Eben Byers, alikunywa chupa zaidi ya elfu moja za kinywaji hicho, Radithor, na alipofariki mwaka 1932 taya lake lilikuwa limekwisha kuoza. Miaka hiyo hiyo sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyochimbwa na mikono ya watu wanaosema Kiswahili kama sisi, kisha yakasafirishwa mpaka Ubelgiji kusafishwa. Wanunuzi wa wakati ule hawakutafuta kinga dhidi ya mionzi, kwa kuwa mionzi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa kama siha.

Kinga ya tezi ilianza kutafutwa baada ya maafa. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ilifyatua katika kisiwa cha Bikini bomu lenye nguvu ya tani milioni 15 za TNT, na upepo ukalichukua vumbi lake mpaka Rongelap, ambako majivu meupe yaliwanyeshea watu wazima na watoto, yakaingia katika maji yao ya kunywa na chakula chao. Watu hao waliondolewa baada ya siku mbili hivi. Hakuna aliyewapa iodini. Miaka 9 baadaye vinundu vikaanza kuonekana shingoni mwa wale waliokuwa watoto siku ile, na wengi wao wakapasuliwa. Mwezi Oktoba 1957 kinu cha Windscale, Uingereza, kilishika moto, na wakuu wakaona njia ambayo iodini ile hupita: hutua juu ya majani, ng'ombe akala, ikatoka katika maziwa, na maziwa akanywa mtoto, ambaye tezi yake ni ndogo na kwa hiyo hudhurika zaidi. Maziwa ya eneo la takriban kilomita za mraba 500 yakamwagwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu walipima na kuhakikisha lile ambalo mantiki ilikuwa imekwisha kulionyesha: ikiwa tezi imeshibishwa iodini salama kabla ya ile yenye mionzi kufika, yenye mionzi haitapata mahali pa kukaa, nayo itatoka kwa njia ya mkojo. Lakini saa ndizo zinazoamua. Kidonge cha miligramu 130 za iodidi ya potasiamu kwa mtu mzima hufaa sana kikimezwa muda mfupi kabla ya wingu au saa chache za mwanzo. Kikichelewa siku nzima hakina faida kubwa. Jambo hilo liliwatatiza Wamarekani katika ajali ya Three Mile Island, mwezi Machi 1979, ambapo chupa zaidi ya laki mbili za iodini zilitengenezwa mbio mbio, zikafika baada ya hatari kuu kupita, wala hazikugawiwa.

Nairudia Chernobyl. Katika mji wa Pripyat, ulio jirani kabisa na kinu, vidonge viligawiwa tarehe 26 na 27 Aprili, na watu wote takriban 49,000 wakahamishwa kwa mabasi alasiri ya siku ya pili. Lakini katika vijiji vya Belarus na Ukraine, ambako ng'ombe walikuwa wakila majani mabichi ya masika, wengi walipata vidonge baada ya siku nyingi au hawakupata kabisa, na watoto wakaendelea kunywa maziwa kama desturi. Serikali ya Kisovyeti haikutamka neno hadharani mpaka jioni ya tarehe 28. Asubuhi ya siku hiyo hiyo kituo cha Mikołajki, Poland, kilikuwa kimepima hewa na kuona mionzi imepanda mno. Na wataalamu wa Warsaw, akiwamo Zbigniew Jaworowski, pasipo kupata habari yoyote ya kuaminika kutoka Moscow, waliwashauri wakuu wao wasingoje. Vidonge havikutosha. Kwa hiyo wafamasia wakachanganya maji ya Lugol usiku na mchana, kipimo kikawa miligramu 15 kwa mtoto mchanga, 50 kwa mtoto mdogo na 70 kwa mkubwa. Malisho yakakatazwa kwa ng'ombe wa maziwa, na watoto wadogo wakapewa maziwa ya unga. Ni kweli kwamba hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kuwa mionzi iliyowafikia watoto wa Poland ilikuwa pungufu kuliko ilivyohofiwa, na Jaworowski mwenyewe alikiri hivyo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, anayelaumu kinga kwa sababu maradhi hayakuja hamtendei haki mtu aliyetakiwa kuamua kwa usiku mmoja, gizani, huku jirani yake amenyamaza. Upande wa pili wa mpaka, hadi mwaka 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamegunduliwa kuwa na saratani ya tezi ya shingo. Shukrani kwa tiba, waliokufa kwayo walikuwa wachache.

Wauzaji wa virutubisho wamezoea kuyasema haya kana kwamba iodini ni ngao ya mwili mzima. Sivyo asilani. Iodini hulinda tezi moja, dhidi ya sumu moja. Seziamu, ambayo mwili huidhania potasiamu, huenea katika misuli, wala iodini haiigusi. Huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987, wakati chombo cha tiba kilichotelekezwa kilipofunguliwa na unga wake wenye kung'aa ukachezewa na watoto, wagonjwa 46 walipewa buluu ya Prussia, rangi ya wachoraji iliyobuniwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ambayo huishika seziamu matumboni na kutoka nayo; nayo vile vile haifai kitu kwa iodini. Wapo hata walioiona ngao katika chakula: tabibu Tatsuichiro Akizuki wa Nagasaki, aliyekuwa katika hospitali iliyo kiasi cha kilomita moja na nusu tu kutoka mahali lilipopasukia bomu la mwaka 1945, aliwalisha watumishi wake wali wa brauni, supu ya miso na mwani, akawakataza sukari, na aliamini mpaka mwisho kwamba chakula hicho ndicho kilichowaokoa. Namheshimu mno mtu aliyebaki na wagonjwa wake katika magofu yanayowaka. Lakini kuokoka kwa watu wachache ndani ya jengo la matofali hakutoshi kuwa dalili ya nguvu ya miso.

Mwezi Machi 2011, vinu vya Fukushima vilipoharibika, watu wa China walijazana madukani kununua chumvi ya iodini, na bei ikapaa. Laiti wangepiga hesabu: kidonge kimoja cha mtu mzima kina miligramu 100 hivi za iodini, na kilo nzima ya chumvi ina miligramu 30 hivi tu, kwa hiyo angetakiwa mtu ale kilo tatu za chumvi kwa siku moja, jambo ambalo lingemuua kabla ya mionzi. Japani kwenyewe vidonge vilikuwapo ghalani lakini amri ilikawia. Mji mdogo wa Miharu uliamua wenyewe, tarehe 15 Machi, kuwagawia watu wake.

Lakini chumvi ina kazi yake nyingine, ya polepole, ambayo haifanywi siku ya msiba. Utafiti wa watoto wa Belarus na Urusi uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba waliokuwa wakiishi katika ardhi yenye uhaba wa iodini walikuwa katika hatari takriban mara tatu kuliko wenzao waliopata mionzi sawa nao katika ardhi iliyo na iodini ya kutosha, madhali tezi yenye njaa huikamata kila tone linalopita. Nyanda zetu za juu za kusini, Mbeya na Iringa, zilikuwa na marovu mengi kabla chumvi ya Tanzania haijaanza kutiwa madini joto kwa amri ya serikali katika miaka ya 1990. Waliotoa amri ile walikuwa wakifikiria shingo na akili za watoto. Hakuna aliyekuwa akifikiria vinu vya nyuklia.

Mwezi Septemba 2022, wakati vita vilipokuwa vikipiganwa karibu na kinu cha Zaporizhzhia nchini Ukraine, serikali ya Poland ilianza kupeleka vidonge vya iodidi ya potasiamu katika vituo vya zimamoto vya mikoa, vikae tayari. Wale waliokunywa maji ya kahawia mwaka 1986 walikuwa wamekwisha kuwa watu wa makamo wenye watoto wao. Safari hii kinga ilitangulia, na wingu halikuja. Vidonge vikawekwa ghalani.