Innsbruck, Mji Uliozaliwa na Daraja

Wasikilizaji wetu, jioni hii nataka kuwaeleza habari za Innsbruck, mji wa nchi ya Austria huko Ulaya. Umezungukwa na milima ya Alps, na wakati wa baridi wageni huja kwa maelfu kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu nyembamba zilizofungwa miguuni. Wageni hao hufika kwa raha. Lakini njia wapitayo haikupatikana kwa raha.

Maana ya jina Innsbruck ni daraja la mto Inn. Tangu zamani wasafiri kati ya Ujerumani na Italia walivuka milima hiyo mahali paitwapo Brenner, penye kimo cha mita 1,370 hivi, maana pengine pote palikuwa juu zaidi. Lakini kabla ya kupanda iliwapasa kuvuka mto. Katika karne ya 12 daraja likajengwa, na mwaka 1180 soko likahamishiwa ng'ambo ya kusini. Penye daraja pana wapitao, na penye wapitao pana biashara; ndivyo mji ulivyokua. Mwaka 1490 ilianzishwa posta ya wapanda farasi waliopokezana barua kutoka Innsbruck hata Mechelen, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji.

Hata hivyo theluji ndiyo iliyokuwa bwana wa njia. Ilipoanguka kwa wingi, msafiri alingoja au aliangamia.

Mwaka 1858 gari la moshi lilifika mjini kutoka bonde la chini. Ikabaki kazi kubwa ya kuivusha reli juu ya Brenner. Kazi hiyo alipewa fundi mkuu Karl von Etzel. Alikufa mwaka 1865. Reli ikafunguliwa mwaka 1867, naye hakuiona. Upande wa magharibi ulikuwapo mlima wa Arlberg, na hapo shauri lilikuwa kuutoboa mlima wenyewe. Uchimbaji ulianza mwaka 1880, watu wakichimba kutoka pande mbili, na baadhi yao walikufa kazini. Fundi mkuu Julius Lott alifariki Machi 1883. Mwezi wa Novemba wachimbaji wa pande mbili wakakutana, na mwaka 1884 magari yakapita katika handaki lile, lenye urefu wa zaidi ya kilometa 10.

Baada ya hayo watu wa mji wakaanza kuipanda milima yao wenyewe. Mwaka 1904 reli ndogo ilipelekwa bonde la Stubai, na mwaka 1906 nyingine ikapanda Hungerburg. Mwaka 1928 magari yaning'iniayo katika kamba nene za chuma yakafika Hafelekar, juu ya mita 2,200.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Mwaka 1964 michezo ya Olimpiki ya wakati wa baridi ilifanyika Innsbruck, na theluji ikawa haba. Askari wakaenda kuichukua juu milimani, wakaileta viwanjani. Kitu kilichowafungia babu zao njia sasa kilitafutwa kwa jasho!

Basi, wasikilizaji, mpitapo juu ya daraja lo lote, kumbukeni kwamba huenda aliyelianza hakupata kulivuka. Kwaherini.