Mmeguko, Wala Si Uma

Rasimu ya istilahi za kompyuta inayopita mikononi mwa wafasiri wetu inataka tuite "uma" lile tukio ambapo waundaji wa programu huria hukosana, baadhi yao wakachukua nakala ya msimbo wote na kwenda kuuendeleza kwa jina jingine. Waingereza huliita fork, na bila shaka huko ndiko uma ulikotoka: kamusi ya lugha mbili ilifunguliwa, kikaonekana kifaa cha mezani, kamusi ikafungwa. Niliandika barua ya kupinga. Jibu lilikuwa la sentensi moja, kwamba kamati imekwisha kupitisha. Kupitishwa si ushahidi wa kiisimu, wala wingi wa mihuri haulifanyi neno likae vinywani mwa watu. Hoja ambayo kikao hakikutaka kuisikia naiweka mbele ya wasomaji.

Fork ya Kiingereza imetokana na furca ya Kilatini, zana ya mkulima yenye meno ya kubebea majani makavu. Waingereza walilitembeza neno hilo kutoka shambani hadi mezani, wakalifikisha mahali barabara inapogawanyika, na katika miaka ya 1960 wataalamu wa kompyuta wakalichukua kutaja mchakato mmoja unaozaa mwingine. Mfumo wa Unix ukalikita hapo, kisha likafika kwenye miradi na watu wake. Uma wetu haukusafiri safari hiyo. Ni jamaa wa kitenzi kuuma, na kazi yake imebaki ileile ya kuchoma na kushika chakula. Barabara zetu hazina uma. Zina njia panda. Tena istilahi isiyozaa kitenzi ni mzigo kwa mwandishi. Tukinyambua uma tutajikuta tunaandika "mradi umeumwa", na msomaji ataelewa kwamba mradi ni mgonjwa.

Wapo waliopendekeza "panda", na hawa angalau wamechimba ndani ya Kiswahili. Panda ni neno letu la tawi lenye umbo la manati, na la njia inayogawanyika. Kasoro yake ni kwamba lataja umbo bila mtenda. Njia panda huwapo kabla msafiri hajafika. Hakuna aliyeondoka na uchungu moyoni ndipo njia ikawa mbili. Kitenzi chake nacho kimekwisha kukaliwa na kupanda mbegu na kupanda mlima. "Tawi" ni baya zaidi. Neno hilo lina kazi tayari, la kutaja mkondo wa kazi ndani ya ghala moja la msimbo. Na tawi lolote, liwe la mti, la benki au la chama, lina shina linalolitegemea. Waliojitenga hawana shina tena. "Mfarakano" lina heshima yake: ni mzizi wa Kiarabu wa kutenga uliovishwa kiambishi chetu cha kutendana. Lakini lataja ugomvi peke yake. LibreOffice, iliyozaliwa na tukio la namna hii, huwezi kuiita mfarakano; ni programu inayofunguliwa maofisini kila asubuhi.

Neno ninalolitetea ni mmeguko. Kumega ni kutoa kwa vidole sehemu ya kitu kizima, kama ugali au mkate. Kutoka hapo tunapata kumeguka, na mnyambuliko huo unastahili kutazamwa vizuri. Kiambishi -uk-, pamoja na sura yake ya -ok-, kimekaa katika vitenzi kama banduka, chomoka, fumuka na ng'oka, vyote vya kitu kuachana na kilichokuwa kimeshikamana nacho. Hakimeguki kitu ambacho hakikuwa kimoja. Basi neno linabeba historia yake ndani: ukisema mradi umemeguka, umekwisha kusema kwamba watu hawa walikuwa pamoja.

Kuna jambo la pili ndani ya kumega ambalo kamati haikulifikia. Anayemega tonge yuko kwenye sinia la pamoja, na amekaribishwa. Leseni huria ndiyo karibu yenyewe. Kila anayepokea msimbo ameruhusiwa tangu mwanzo kuunakili, kuubadili na kuusambaza, wala haombi ruhusa siku ya kuondoka. Ndiyo maana kujimega hakuitwi wizi, hata panapokuwa na machozi. Lugha ya utawala imelitumia neno hili bila kusita: Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Vyama vya siasa navyo vina makundi yaliyojimega. Wananchi wanaelewa bila kupewa faharasa.

Msomi mmoja, mwenye neno lake mwenyewe sokoni, amenipinga akisema kwamba kumega hupunguza kinachomegwa, ilhali msimbo ukinakiliwa haupungui hata herufi. Mwingine amekumbusha maana ya chumbani ambayo vijana wa mitaani wamekipa kitenzi hicho. Huyu wa pili simjibu kwa kirefu. Tukivitupa vitenzi vyote ambavyo mitaa imevichezea, hatutabaki na lugha. Wa kwanza nitamjibu, kwa kuwa hoja yake ndiyo inayothibitisha yangu. Msimbo haupungui, ni kweli. Wanaopungua ni watu, na imani waliyokuwa nayo kwa wenye mamlaka ya mradi.

Tazama OpenOffice.org, programu ambayo Waswahili tuna haki ya kuizungumzia, kwa sababu mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kampuni ya Sun Microsystems ilifungua msimbo wake mwaka 2000, ikaahidi kwamba taasisi huru itaundwa kuusimamia. Taasisi haikuundwa. Januari 2010 Oracle ilikamilisha kuinunua Sun, na wachangiaji wakaanza kuulizana hatima ya kazi yao iko mikononi mwa nani. Tarehe 28 Septemba mwaka huo baadhi yao walitangaza The Document Foundation na programu ya LibreOffice, wakaiomba Oracle iwape jina la zamani. Jina hawakupewa. Badala yake, wajumbe wa baraza la jumuiya waliojiunga na taasisi mpya walitakiwa waondoke barazani kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Mfumo wa Ubuntu wa Aprili 2011 ukatoka na LibreOffice ndani yake, na Juni Oracle ikaukabidhi msimbo wa OpenOffice.org kwa taasisi ya Apache. Msimbo ulibaki mzima kabisa, pamoja na jina na alama ya biashara. Mikono iliyokuwa ikiufanyia kazi ndiyo iliyokuwa imemeguka.

FFmpeg, programu ya kushughulikia video na sauti, inaonyesha jeraha hilohilo kwa uchungu zaidi, kwa kuwa hapakuwa na kampuni ya kulaumiwa. Januari 2011 kundi la waundaji lilitangaza kuutwaa uongozi wa mradi kutoka kwa Michael Niedermayer. Hawakufanikiwa kubaki na jina, na Machi wakajimega kwa jina la Libav. Mfumo wa Debian ukafuata Libav. Kwa miaka kadhaa FFmpeg iliendelea kuchukua marekebisho ya Libav na kuyaingiza kwake, kama leseni inavyoruhusu, na bado watu hawakupatana. Mwaka 2015 Debian ilirudi FFmpeg, na mwaka huohuo Niedermayer akajiuzulu uongozi. Msimbo ulivuka mpaka kila mara, imani haikuvuka. Anayesema kwamba hakuna kilichopungua hajatazama watu.

Wala mmeguko si lazima uwe wa kudumu. Mradi wa EGCS ulijimega kutoka GCC, programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, mwaka 1997 kwa sababu kazi ilikwenda polepole na milango ya wachangiaji ilikuwa finyu, na mwaka 1999 ukakubaliwa kuwa ndiyo GCC rasmi. Mradi wa io.js ulijimega kutoka Node.js mwishoni mwa 2014 kwa malalamiko juu ya uongozi wa kampuni ya Joyent, na Septemba 2015 toleo la 4 la Node.js likatoka likiwa limeziunganisha pande zote mbili. Kiongozi wa mradi akijua kwamba wenzake wanaweza kujimega, husikiliza mapema. Haki ya kuondoka ndiyo inayowafanya wengi wakubali kukaa.

Tangu GitHub ianze mwaka 2008, fork ya Kiingereza imepewa pia kazi ya kitufe cha kujinakilia ghala la mwenzako ili umrudishie marekebisho. Hilo ni tendo la ushirikiano, na Waingereza wameliita kwa jina lilelile la kutengana. Sisi hatulazimiki kurithi mkanganyiko huo. Kitufe kiitwe "nakili ghala".

Matumizi ni mepesi: watu hujimega, mradi humeguka, tukio ni mmeguko na wingi wake mimeguko, na pande zikirudiana zimeungana tena. Katika kila tafsiri itakayopita mikononi mwangu nitaandika mmeguko, na mhariri atakayetaka kulifuta aniletee kwanza hoja ya lugha, si kumbukumbu za kikao.